Maswali na majibu ya Kihispania: sema kwanza ni nchi gani

Mwalimu, coger maana yake nini? (Msomaji hakutaja alipo)

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara linakuja hivihivi, kitenzi peke yake: hakuna sentensi, hakuna nchi, wala hatuambiwi nani alisema. Kihispania ni lugha ya nchi 20. Kitenzi kisicho na mahali pake hakina jibu la kweli, na ndiyo maana zile programu za simu zinazokupa neno moja kwa neno moja zinawapoteza wengi.

Hispania, coger ni kushika, kuchukua, kupanda basi. Mtoto mdogo hulisema mbele ya bibi yake. Meksiko, Ajentina, Uruguay na Paraguay, ni tusi la tendo la ndoa. Kolombia na Kuba wanapanda basi kwa coger bila wasiwasi wowote. Sisi nasi tunalijua jambo hili: kutia chumvi jikoni hakuna neno, lakini kitenzi hicho kikibaki peke yake mbele ya vijana wa mjini, watu wanatazamana. Kama unafanya kazi na wageni, tumia tomar kwa basi na agarrar kwa kitu cha mkononi. Hutamkera mtu.

Nahudumu mgahawani Zanzibar. Mgeni wa Kolombia aliniambia «¿Me regala un café?» Nikampa bila bili, nikakatwa mshahara. Si aliomba zawadi?

Pole sana. Kamusi haikukudanganya, regalar ni kutoa zawadi. Ila Mkolombia huagiza hivyo kwa adabu, na pesa analipa. Wewe mwenyewe ukifika dukani husemi «naomba soda»? Muuza duka hajawahi kudhani unaomba sadaka. Karani wa Kolombia anaweza hata kukuambia «regáleme su firma», yaani naomba saini yako.

Na kwa kuwa upo mgahawani, shika na hili. Mkolombia akisema «¿le provoca un tinto?», hakuchokozi. Provocar huko, na Venezuela na Peru pia, ni kuulizwa kama unatamani kitu. Tinto yake ni kahawa nyeusi, ya Mhispania ni mvinyo mwekundu. Kabla ya kumimina, uliza.

Ser na estar, vitenzi viwili vya «kuwa», zinatofautianaje?

Limeshajibiwa hapa zaidi ya mara moja. Rudi kwenye majibu ya nyuma.

Nafanya kazi ghalani Marekani. Wenzangu wa Meksiko na Honduras husema «ocupo una escalera». Kamusi inasema ocupar ni kukalia mahali. Mwalimu wangu wa jioni anasema hawa hawajui Kihispania.

Wanahitaji ngazi. Wape ngazi.

Mwalimu wako amekosea, na kosa lake linaniuma kuliko la mwanafunzi. Meksiko na Amerika ya Kati, ocupar ni kuhitaji, na watu wanaishi nalo kutwa kucha. Chile, ocupar ni kutumia. Mtu aliyelelewa ndani ya lugha hawezi kuambiwa haijui kwa sababu neno lake halisikiki Madrid. Ndivyo tunavyowafanyia ndugu zetu wa Lubumbashi, tukisikia Kiswahili chao tunacheka kabla hawajamaliza sentensi. Akademia za Kihispania zenyewe, yaani taasisi zinazosimamia lugha hiyo, zilizoungana tangu 1951, zilitoa mwaka 2010 kamusi nzima ya maneno ya Amerika (bara zima, si Marekani peke yake). Wewe sema necesito, inaeleweka popote. Lakini ocupo ya wenzako usiisahihishe.

Kwa hiyo Kihispania sahihi ni cha Madrid au cha wapi?

Hakuna mji wenye hati miliki. Meksiko peke yake ina watu zaidi ya milioni 120, Hispania haifiki milioni 50. Na msisahau Guinea ya Ikweta, nchi ya Afrika iliyopata uhuru 1968: Kihispania ni lugha yake rasmi, na akademia yake inakaa meza moja na nyingine zote.

Te extraño na te echo de menos?

Yote mawili ni «nimekukumbuka». La kwanza la Amerika, la pili la Hispania.

Naongoza watalii Arusha. Pararse ni kusimama yupi, wa gari au wa mtu?

Asante kwa kuuliza vizuri. Kiswahili kinakusaidia kuelewa na papo hapo kinakutega, kwa sababu simama yetu inabeba yote mawili. Mhispania akisema pararse, anasema kuacha kwenda. Wa Amerika anaposema pararse, kwa kawaida ni kuinuka na kusimama wima.

Sasa fikiria uko Serengeti, paa la gari liko wazi, simba wako hatua chache. Unawaambia wageni «¡no se paren!». Wa Ajentina watabaki wamekaa. Wa Hispania watasikia «msisimame njiani», waone hawahusiki, na mmoja ataendelea kuinuka na kamera yake. Kwa jambo la usalama usitumie kitenzi chenye nchi mbili. Sema «no se levanten». Gari likitakiwa kusimama, mwambie dereva kwa Kiswahili.