Kuulizwa kuhusu kufa kliniki ya presha

SWALI: Nilikwenda kupima presha, nikaulizwa kama natamani kufa, foleni yote ikisikia. Wananiona kichaa? – Msomaji, Masasi

JIBU: Hapana, dada. Hilo ni swali la mwisho la PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona (huzuni nzito ya muda mrefu): maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Ukifikisha 10 unahojiwa zaidi; alama pekee si ugonjwa. Lakini hilo la kufa, ukikubali hata kwa siku chache, uhojiwe siku hiyohiyo.

Kosa ni kuulizia kwenye foleni. Hapo nani atajibu zaidi ya “sijambo”? Omba mlango ufungwe. Na dodoso linauliza pia usingizi: kama wako unakatwa na kuwahi kuokota korosho alfajiri, litaje, lisihesabiwe kuwa dalili.