Bruupabu za vitongoji vya Portland: soma ubao kabla ya kuagiza

Mleta uzi ameeleza kwamba shemeji yake anayeishi Beaverton, Oregon, amewaalika bruupabu Jumamosi jioni, watu wazima sita na watoto wawili. Yeye amezoea Safari na Tusker, mkewe hanywi kabisa, na anataka kujua aagize nini, chakula kikoje na watarudije nyumbani. Waliotangulia kumjibu wameishia kwenye "kunywa taratibu mkuu, uta-enjoy". Hilo halimsaidii mtu aliyesimama mbele ya ubao wenye bia kumi na nne asizozijua hata moja.

Bruupabu ni mgahawa unaopika bia yake wenyewe. Chama cha wapika bia wa Marekani, Brewers Association, kina kipimo chake: angalau 25% ya bia iuzwe papo hapo, na pawe na jiko la maana. Penye mtambo na kaunta lakini chakula kinatoka kwenye gari lililoegeshwa nje, hapo si bruupabu. Tofauti hiyo inakuhusu kwa sababu ya watoto. Kwenye mgahawa wanakaa mezani na wazazi bila neno. Kwingine piga simu uulize kwanza.

Oregon ilifungulia bruupabu mlango kisheria mwaka 1985, na mwaka huo huo ndugu wawili wa familia ya McMenamin wakaanzisha bruupabu ya kwanza ya jimbo hilo, Hillsdale, Portland. Sasa wana matawi mengi. Maarufu zaidi kwa wageni ni Edgefield iliyoko Troutdale, zamani makao ya maskini ya kaunti, jengo la 1911, na mtambo wa bia umekuwepo tangu 1991. Pana uwanja mkubwa wa watoto kukimbia. Lakini angalieni ramani: Beaverton iko magharibi ya Portland, Troutdale iko mashariki, mnavuka jiji lote. Kwa waliolala Beaverton, Cornelius Pass Roadhouse ya Hillsboro, kwenye shamba la zamani la familia ya Imbrie, ni karibu zaidi. Kama mwenyeji hajachagua, mshaurini hiyo.

Sasa ubao. Kila bia ina mstari wake: jina, aina, asilimia ya kilevi (wanaandika ABV), pengine kipimo cha uchungu (IBU), ujazo wa glasi na bei. Mgeni husoma jina na bei. Wewe soma asilimia na ujazo, kisha zidisha. Tusker ya chupa ni 4.2% kwa mililita 500, yaani mililita 21 za kilevi halisi. Safari ni 5.5%, inatoa 27.5. Pinti ya Marekani ni mililita 473, ndogo kuliko chupa yako, kwa hiyo utaidharau. Ikiwa ndani yake mna IPA (bia chungu yenye hopsi nyingi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ya 7%, umekunywa mililita 33, zaidi ya Tusker moja na nusu. Stauti (bia nyeusi ya kimea kilichochomwa) nzito ya 10% huletwa kwenye glasi ya mililita 296 tu, na watu hucheka udogo wake. Ina karibu 30, imeipita Safari. Hapo ndipo wageni wetu wanapoangukia: wanahesabu glasi kama wanavyohesabu chupa nyumbani. Mtu wa "Safari nne na bado niko sawa" akinywa IPA nne za 7%, kwa kilevi ni karibu Safari tano, tena kwa ujazo mdogo zaidi, hivyo anazimaliza haraka.

Kijibao cha kuonjea, wanachokiita flaiti, kina mtego wake. Kwa kawaida ni glasi nne au sita za mililita 148. Nne zinafika mililita 592, na wastani wa 6.5% unakupa 38 za kilevi. Huko si kuonja, ni kinywaji kamili kwa mtu mmoja. Agizeni kimoja kwa watu wawili, wekeni maji katikati ya meza, anzeni na bia nyepesi mkimalizia na nzito. Ukianza na IPA kali, ulimi unajaa uchungu wa hopsi na pilsna (lager nyepesi ya rangi ya dhahabu) inayofuata itaonekana maji matupu. Kama unataka kujua ladha tu kabla ya kuamua, mwambie mhudumu akuonjeshe. Tone la bure la bia moja au mbili ni jambo la kawaida. Bia sita za bure ni kero.

Kwa mtu wa Safari na Tusker, bia ya kwanza iwe lager au pilsna yao kama ipo. Sababu ya kwanza, ulimi wako unaijua njia. Ya pili ni ya kiufundi. Bia ni togwa ya shayiri iliyotiwa hamira: kimea kinalowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 ili wanga ugeuke sukari, machicha yanatolewa, maji matamu yanachemshwa na hopsi kwa saa moja au na nusu, yanapozwa, kisha hamira inafanya kazi yake. Ale huchachuka kwenye nyuzi 18 hadi 22, na ndani ya wiki mbili tatu iko bombani. Lager huchachuka kwa baridi, nyuzi 8 hadi 13, kisha hulazwa wiki nne hadi nane. Kwenye mtambo mdogo, kila wiki pipa linalokaa na lager ni wiki ambayo halipiki bia nyingine. Anayekubali hasara hiyo anajali kazi yake. Isitoshe, lager haina pa kuficha kosa, wakati hopsi nyingi na kimea kilichochomwa hufunika mengi. Mahali penye pilsna safi, bia zake nyingine hunywewa kwa imani.

Baada ya hapo nenda kwenye kile ambacho Oregon inacho na wewe huna nyumbani. Hopsi za Cascade zilizalishwa Corvallis, Oregon, kwenye utafiti wa wizara ya kilimo, zikatolewa rasmi miaka ya 1970 mwanzoni. Harufu yake ni ya balungi, na ndiyo iliyojenga pale ale za Marekani. Safari yenu ikiangukia Septemba au mwanzo wa Oktoba, tafuta bia ya hopsi mbichi. Hopsi zinatoka shambani na kuingia sufuriani siku hiyo hiyo bila kukaushwa, na bia yake ina harufu ya majani mabichi. Haikai. Ikipita miezi miwili imeshapoteza kilichoifanya itafutwe.

Stauti ikija si baridi kama ulivyozoea, usiirudishe. Stauti nzito hutakiwa nyuzi 10 hadi 13, ikiganda huisikii ladha. Yenye povu zito kama krimu imesukumwa kwa naitrojeni, ndiyo maana haikuchomi ulimi. Za kurudisha ni hizi: bia isiyopaswa kuwa chachu ikinuka siki, mara nyingi mipira ya bomba haijasafishwa (kanuni ya kazi ni kila wiki mbili). Ikinuka siagi ya bisi, ama mipira tena, ama ilitolewa kabla hamira haijamaliza. Ikinuka karatasi lililolowa, imezeeka. Na viputo vikiganda pembeni mwa glasi ndani ya bia, glasi ina mafuta. Bia haina kosa, omba glasi nyingine. Sema kwa upole kwamba unadhani bia hii ina kasoro, wataibadilisha. Lakini "chungu mno" si kasoro, hiyo uliinunua.

Chakula ni baga, piza, samaki na chipsi, mabawa ya kuku, mkate wa chumvi wa Kijerumani na mchuzi wa jibini, na kwa McMenamin vijitonge vya viazi vyenye viungo vya Cajun (mtindo wa Louisiana). Sahani ni kubwa. Watu wazima sita wanaweza kuagiza vitu viwili vya kuchokoza katikati na milo minne wakashiba, na kubeba mabaki kwenye boksi si aibu huko.

Mleta uzi hajasema kwa nini mkewe hanywi. Kama ni kwa dini, asiishie kuangalia glasi tu. Unga wa kukaangia samaki mara nyingi hukorogwa kwa bia. Mchuzi wa jibini wa bruupabu mara nyingi una bia. Kome na soseji za Kijerumani huweza kuchemshwa ndani ya bia. Maharage na mboga za majani huweza kupikwa na nguruwe bila menyu kutaja, na kikaango cha chipsi huweza kuwa kile kile cha vyakula vingine. Mkate au piza ya machicha hauna tatizo la kilevi, kwa kuwa machicha hutolewa kabla ya hamira kuingia. Muulizeni mhudumu: "Kina bia? Kina nguruwe? Kikaango ni kimoja?" Hawachukii, huulizwa na wenye mzio kila siku. Kinywaji kiitwacho rutubia si bia, ni soda ya mizizi, na baadhi ya bruupabu huitengeneza wenyewe. Wengine wataona ina ladha ya dawa ya meno. Agizeni moja kwanza.

Kuhusu kulinganisha: pilipili na IPA kali havipatani, uchungu na kilevi vinachochea mwasho. Mabawa yenye pilipili yaende na bia ya ngano au yenye utamu wa kimea. IPA iende na mafuta na chumvi, yaani baga na chipsi. Stauti na nyama iliyochomwa vinajuana tangu zamani.

Kitambulisho: miaka 21, na unaweza kuulizwa hata kama una mvi. Bebeni pasipoti zenyewe, zisizoisha muda. Picha kwenye simu hupati kitu, na kitambulisho cha taifa cha Tanzania au Kenya usikitegemee. Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku, kwa hiyo usishangae kijana akikodolea macho tarehe yako.

Fikeni saa kumi na moja jioni. Jumamosi kati ya saa kumi na mbili na saa mbili foleni ya meza ya watu wanane ni ndefu, na jiko la kitongojini hufungwa mapema. Anayezoea kutoka saa nne usiku huenda akakuta viti vimepandishwa mezani.

Bili: hakuna raundi kama zetu, labda mwenyeji atangaze. Mwambieni mhudumu mwanzoni, si mwishoni, kwamba mnataka bili tofauti. Mfano wa watu wawili: kijibao dola 12, pinti 8, soda 4, mkate 11, baga 18, samaki 20. Jumla 73. Oregon haina kodi ya mauzo, kwa hiyo 73 ndiyo 73. Mkivuka mto Columbia mkaingia Vancouver, jimbo la Washington, kodi inaongezwa juu. Tipu ni 18 hadi 20%, hapa dola 13 hadi 15. Oregon wahudumu hulipwa kima cha chini kamili bila kukatwa kwa ajili ya tipu, lakini desturi ni ile ile, usitumie hoja hiyo. Kwa kundi la sita na zaidi, sehemu nyingi hujumlisha tipu yenyewe. Someni bili kabla ya kuandika tarakimu, la sivyo mtalipa mara mbili.

Kurudi. Reli ya MAX inapita Beaverton, lakini bruupabu nyingi za vitongojini ziko mbali na kituo, na teksi za kuitwa kwa programu ya simu hupungua usiku. Mnaye dereva tayari, mke asiyekunywa, mradi leseni yake inakubalika huko na ameandikwa kwenye bima au mkataba wa gari. Thibitisheni hilo mchana. Kikomo cha kilevi kwenye damu ya dereva Oregon ni asilimia 0.08, lakini mgeni ana hatari zaidi ya faini: viza ya Marekani inaweza kufutwa kwa kukamatwa tu, kabla ya mahakama kuamua. Na wale ndugu zetu wanaoendesha malori huko, mkipatikana na hatia hata mkiwa na gari dogo la familia, leseni ya lori inasimamishwa mwaka mzima. Mwili huondoa takriban mililita 10 za kilevi kwa saa, kahawa haiongezi kasi. Pinti mbili za 7% zinataka saa sita hadi saba.

Mkitaka kubeba bia nyumbani, grola ni chupa ya lita 1.9 inayojazwa bombani, krola ni kopo la nusu yake linalofungwa kwa mashine mbele yenu. Mkopeshwe au mnunue grola, hakikisheni imesuuzwa kwa maji baridi na inajazwa kwa mpira unaofika chini. Ikijazwa kwa kumwagiwa kutoka juu, hewa inaingia na kesho asubuhi bia imechoka. Isiyofunguliwa ikae friji siku chache tu, ikifunguliwa imalizeni kesho yake. Garini iwekeni kwenye buti, si miguuni pa abiria, na kifuniko kisiguswe mpaka mfike Beaverton.