Jibu: JobState inasema Transferred lakini folda ni tupu

Dada wa Nakuru, umesema uliacha kompyuta ikishusha faili usiku kucha kwa Start-BitsTransfer yenye -Asynchronous (amri ya PowerShell inayoiachia BITS, huduma ya Windows ya kushusha faili, ifanye kazi chinichini), asubuhi ukakuta folda tupu, na sasa unataka kufuta kazi hiyo uanze upya. Tafadhali usiifute. Faili yako iko.

Mimi niko Kisumu, kwenye duka la kompyuta pale Kondele. Mwaka jana nilishusha video za masomo za shule moja ya upande wa Ahero, GB 6 hivi, kwa bando la usiku. Alfajiri folda haikuwa na kitu. Nikadhani mtandao ulikatika, nikapiga Remove-BitsTransfer, amri ya kufuta kazi, na zote zikapotea. Saa tatu mwalimu akafika na flashi mkononi, sina cha kumpa. Iliniuma sana.

Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwa akaunti ile ile uliyoanzia, uandike Get-BitsTransfer. Ukiona Transferred chini ya JobState, yaani hali ya kazi, ujue data yote imefika ila haijakabidhiwa. Ni kama mzigo uliotumwa kwa matatu: umeshashushwa stejini, lakini hupewi mpaka uende uuchukue. Ukionyesha faili zilizofichwa, utaikuta faili yako ndani ya folda ile ile, jina lake linaanza na BIT na kuishia na .tmp. Usiiguse kwa mkono. Kama una kazi hiyo moja tu, andika:

Get-BitsTransfer | Complete-BitsTransfer

Hapo hapo faili itajitokeza kwa jina lake halisi. Ukichelewa, Windows yenyewe huiondoa kazi isiyoguswa kwa siku 90, hiyo ndiyo mipangilio yake ya kawaida.

Hali nyingine ni rahisi. TransientError iache, itajaribu tena yenyewe, kwa kawaida baada ya sekunde 600. Error ni lazima utafute chanzo kwanza, mara nyingi anwani mbaya au diski imejaa, kisha Resume-BitsTransfer. Ukitaka kusimamisha kwa muda ili wengine ofisini wapate mtandao, kuna Suspend-BitsTransfer.

Kuhusu stima, kwetu huku mvua ya jioni ikitoka ziwani tu, taa zinapotea. Usiogope. Ukiwasha na kuingia kwenye akaunti yako, kazi inaendelea ilipoachia, mradi seva inaruhusu kuchukua faili vipande vipande. Kinachowaponza wengi ni kutoka kwenye akaunti wakienda kulala: kazi yako husimama mpaka urudi. Funga skrini kwa Windows na L, usitoke.

Na ukiongeza -AllUsers kwenye Get-BitsTransfer ukiwa msimamizi, utaona kazi za watu wengine na za mfumo pia. Programu nyingine pia hutumia foleni hii hii, kwa hiyo usiziondoe kwa pamoja.

Jaribu hiyo Complete sasa, halafu bandika hapa mstari wote wa Get-BitsTransfer ikikataa.