Maporomoko ya Great Ocean Road na mama mwenye magoti mabovu
Dada, umeuliza kama siku moja inatosha kuona maporomoko ya maji ya Great Ocean Road, ile barabara ya pwani kule Australia, ukiwa na mama anayesumbuliwa na magoti. Inatosha, ila usiyakimbilie yote. Maporomoko ya Erskine yako kama kilomita 10 kutoka mji wa Lorne, na pa kuyatazamia kwa juu ni hatua chache tu toka unapoegesha gari. Mama aishie hapo, wewe shuka ngazi. Kwangu mimi maporomoko ya Hopetoun ndiyo mazuri zaidi: mita 30 hivi, mikangaga imerefuka kama minazi, manyunyu mpaka kwenye kope. Ngazi zikilowa zinateleza, kwa hiyo ndala ziache. Halafu ruba! Nilimkuta mmoja ndani ya soksi, keshashiba zake. Jaza mafuta mji wa Apollo Bay kabla hujapanda msituni kwenda Hopetoun.