Kwa mnaokuja kuvisha ndege pete The Wash wakati wa baridi

Aliyezoea bahari ya Mombasa asije hapa akadhani anayajua maji. The Wash ni ghuba ya mashariki mwa Uingereza, kati ya Norfolk na Lincolnshire, na bamvua lake hupanda zaidi ya mita 6, karibu mara mbili ya kwetu. Halafu maji hayaji kwa mbele ukayaona. Nyanda za majani ya chumvi zimekatwakatwa na vihori, yaani vijito vya maji ya bahari, na vihori ndivyo hujaa kwanza. Umesimama pakavu, kumbe njia uliyojia imeshafunikwa. Kwa hiyo kabla hujauliza tutapata ndege gani, uliza tunatoka saa ngapi na tunapita wapi.

Kibali cha mwanafunzi wa kuvisha ndege pete za utambulisho hutolewa na British Trust for Ornithology, shirika la utafiti wa ndege la Uingereza, na unafanya kazi chini ya mwalimu wako tu. Hilo halina njia ya mkato.

Nyavu tunazisimamisha usiku, karibu na mahali ndege wanapokimbilia maji yakijaa. Wavu una mifuko ya kunasia, mmoja juu ya mwingine, na mfuko wa chini ndio wa kuogopwa. Usiku wangu wa pili niliuacha unaning'inia shibiri moja juu ya tope, kwa sababu wakati ule maji yalikuwa mbali. Niliporudi nilikuta dunlin wawili, ndege wadogo wa pwani, wamelowa hadi kifuani. Mmoja tulimkausha, tukamtia kwenye sanduku lenye joto, akapona. Wa pili alinifia mkononi. Alikuwa na gramu 47.

Ndege huyu hutafuta chakula wakati tope liko wazi. Maji yakijaa anapumzika, na kwenye upepo ule wa Januari anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Sisi tunamkamata saa hiyohiyo, na kila dakika tunayomcheleweshea inatoka kwenye akiba yake. Ndiyo maana barafu ikikaa siku kadhaa mfululizo hatutoki kabisa, na ndiyo maana siku hizi nikiwa na shaka na maji naufunga mfuko wa chini, hata tukiambulia ndege watatu.

Mkononi, shingo ya ndege ikae kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ulale kiganjani. Usibane kifua, maana ndipo anapopumulia. Ukishaibana pete kwa koleo, izungushe: ncha zikutane bila kupandana, na iteleze mguuni bila kukwaruza. Namba isome kwa sauti, mwandishi airudie. Kisha tazama manyoya madogo ya bawa. Yakiwa na kingo za rangi ya mchanga, huyo kaanguliwa kiangazi kilichopita. Vidole vikifa ganzi sema mara moja, mpe mwenzako ndege. Hakuna atakayekucheka, na kidole kisichohisi kinaweza kuvunja mguu.

Ndege wanaosubiri zamu wawe kwenye masanduku wanamoweza kusimama, kwa sababu miguu mirefu ikikunjwa muda mrefu hukakamaa.

Wakati wa kumwachia, zima taa ya kichwani, nenda hatua kadhaa gizani, chuchumaa, umweke chini. Usimrushe. Atasimama kidogo macho yakizoea giza, atajikung'uta manyoya, kisha utasikia mlio wake mkali ukielekea walipo wenzake.