Picha ya mtu hailali ugenini

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Umeuliza jambo moja tu: "Mama, nikope kwenye kikoba ninunue skana, au niendelee kupiga picha za wateja kwa simu?" Unasema kazi za send-off na za misiba zimeongezeka hapo Sanawari, watu wanakuletea albamu nzima nzima uwatengenezee video ya picha, na unataka kazi yako ieleweke.

Ningekupigia, ila kwenye simu wewe una haraka na mimi nasahau nilikoanzia. Ndiyo maana naandika.

Nianze na kilichonikera, nikitue. Ile video ya msiba wa shangazi yako kule Kibosho ilikuwa nzuri, nililia kama wenzangu. Lakini kwenye picha yake ya kipaimara kulikuwa na dirisha zima limekaa kwenye paji la uso. Dirisha la sebuleni kwao, hadi nondo zinahesabika. Ulipiga kwa simu ile picha ikiwa inang'aa, mwanga ukarudi. Na ile paspoti yake ilipotandazwa kwenye projekta ikawa uji. Shangazi yako mdogo aliniuliza kwa sauti, watu wakisikia, "Huyu ni nani?" Dada yake wa damu!

Wewe mwenyewe ulinieleza sababu Krismasi, nami nikaandika nyuma ya daftari la vipimo, hili hapa. Picha ya kawaida, inchi 4 kwa 6, ukiiskani kwa nukta 300 kila inchi unapata nukta 1,800 kwa 1,200, na televisheni zile za Full HD zina 1,920 kwa 1,080, kwa hiyo inakaribia kuenea. Ukiiskani kwa 600 zinakuwa 3,600 kwa 2,400, hata ukitaka kutoa sura ya mtu mmoja kwenye kundi inawezekana. Lakini paspoti ya milimita 35 kwa 45, kwa 300 ile ile, upana wake haufiki hata nukta 420. Hiyo inataka 1,200. Mimi haya nayaelewa kuliko unavyodhani, nimekata vitambaa miaka arobaini. Kipande cha shati la mtoto hukitoi gauni la bibi harusi, hata uwe fundi wa namna gani.

Hapo utadhani nimeshasema kopa. Subiri.

Tatizo la skana ni kwamba inakaa dukani. Na ikikaa dukani, picha za watu zitaifuata, na zikiifuata zitalala huko. Ndipo inaponishika. Umenisikia nikisema tangu ulipotaka kupeleka picha ya ubatizo wako shuleni, darasa la tatu: picha ya mtu hailali ugenini. Mlikuwa mnanicheka, wewe na dada yako. Sikuwahi kuwaambia habari yote, kwa sababu sehemu moja inanihusu.

Ile picha ya bibi yako iliyopo sebuleni, ile kubwa, unaijua. Umekua ukiitazama. Midomo ile myekundu si yake. Bibi yako hakuwahi kupaka rangi ya mdomo maisha yake yote. Mpiga picha aliipaka kwa brashi. Na begani, upande wa kushoto, kuna vidole vinne na kipande cha mkono wa shati chenye kifungo. Mlikuwa mnaviita "mkono wa malaika". Si malaika. Ni babu yako.

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, ya rangi moja, ilipigwa siku ya ubatizo wangu. Bibi yako ameketi, mimi nimefungwa shali kama furushi, babu yako amesimama nyuma, karudi likizo kutoka Tanga kwenye mkonge. Unyevu ulikuwa umeshamla nusu ya uso wake, upande mmoja kulikuwa na doa la rangi ya chai. Ila upande wa pili alikuwepo. Pua yake ilikuwepo. Unajua hatuna picha nyingine yake.

Bibi yako alipofariki, Februari 1989, nilitaka akae ukutani. Mwezi wa tatu nikashuka mjini kwa miguu kutoka Uru, nikaingia studio moja, nikalipa nusu. Fundi aliiweka mezani, akaitazama, akaniuliza, "Huyu mzee ameharibika, nimtoe?" Nikasema, mimi na mdomo wangu huu, "Namtaka mama tu."

Basi. Alikata nilipomwambia akate.

Nusu ya pili ya fedha ilikuwa inasubiri malipo ya kahawa, na malipo yalichelewa, na masika ilikuwa ya matope mpaka magotini, na nilikuwa na sare za shule za kushona. Nilirudi Julai. Picha kubwa ilikuwa tayari, ndani ya kioo, imefutwa vizuri. Nilifurahi mno, nakuambia ukweli. Nilifika nayo mpaka mlangoni ndipo nikakumbuka kuuliza ile ndogo iko wapi. Akafungua droo, akafunga. Akafungua boksi. Akasema, "Njoo Jumamosi."

Nilikwenda Jumamosi nane. Nilikuwa nabeba ndizi nikauze ili safari isiwe bure. Ya tisa nikakuta wanauza spea za baiskeli, na kijana wa spea hajui aliyekuwepo kabla yake kaenda wapi. Angeniletea hata jani la sale, lile la kuombea msamaha kwetu Uchagani, ningemsamehe siku ile ile.

Lakini hata hiyo ya mbele, naweza kusema ninayo kichwani. Kinachoniuma ni nyuma. Nyuma ya picha palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa katekista, majina manne na tarehe. La bibi, la babu, langu. La nne sikuwahi kulisoma sawasawa, kwa sababu picha ilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa chini ya kitanda, na nilijua litakuwepo siku zote. Mjomba wako anasema lilikuwa jina la mama yangu wa ubatizo. Anabahatisha. Hakuwa amezaliwa.

Sasa, nimemlaani fundi yule miaka mingi, halafu najiuliza: mimi ni fundi pia. Ni mara ngapi nimemwambia mtu "njoo Jumamosi" na kitambaa chake hata sijakigusa? Pale barazani Mbuyuni nina vitambaa vya watu tangu mwaka juzi. Aliyeacha picha miezi minne ni mimi. Huenda aliiweka pembeni vizuri mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, ikaja ikapotea wa nne. Huenda. Lakini kitambaa kipo kingine dukani, rangi ile ile, nikikipoteza nakwenda kununua usiku na asubuhi hujui. Picha sina pa kuinunua. Kwa hiyo simsamehi, ila nimepunguza.

Ndiyo maana nasema, kabla ya skana nunua bahasha na penseli. Mtu akileta albamu, zihesabu mbele yake, moja moja, mwandike wote wawili. Mimi kwenye daftari langu kila mteja nina kipande cha kitambaa chake nimekibana kwa pini. Wewe fanya cha kwako. Namba andika kwenye bahasha, na iwe kabla picha haijaingia ndani. Usiandike nyuma ya picha kwa peni, itatokea mbele, utamkuta mtu ana mstari kwenye shavu. Na nyuma kukiwa na neno lolote, hata "Moshi" tu, skani na nyuma. Usingoje mteja akuambie. Mteja hajui. Mimi sikujua.

Zile albamu za gundi, zenye nailoni juu, usibandue kwa kucha. Ya harusi yetu ya 1986 nimejaribu mwenyewe na baba yako amebaki bila goti. Chukua uzi mwembamba wa nailoni, upitishe kati ya picha na karatasi, uvute taratibu kulia na kushoto, kama tunavyokata sabuni ya mche. Ikigoma, iache, skani ukurasa mzima. Na ukizipata zile za harusi, utaona wote tumekuwa wekundu kama tumetoka kuchoma matofali. Uliniambia rangi ya samawati ndiyo iliyokimbia kwanza ikaacha nyekundu, na kwamba kompyuta inaweza kuirudisha. Irudishe kidogo. Gauni liwe jeupe, inatosha. Usije ukanipaka midomo.

Turudi kwenye swali lako, maana najua umeshaanza kuguna.

Simu ina jambo moja zuri: inaifuata picha nyumbani kwake. Unaingia kwa mtu, unanywa chai, anakuambia huyu ni nani na yule ni nani, unapiga, unaondoka, picha imebaki ukutani. Hailali ugenini. Na ile iliyogandana na kioo cha fremu haiingii kwenye skana kirahisi, na wewe usijaribu kuibandua, uso utabaki kwenye kioo. Hiyo ni ya simu, taa zikae pembeni, dirisha ulifunge pazia. Dirisha, mwanangu!

Lakini simu ndiyo iliyomfanya shangazi yako asijulikane na dada yake. Hilo nalo siwezi kulimeza.

Ulisema kuna skana nyembamba, inayopata umeme kwenye waya wa kompyuta yenyewe, inaingia kwenye begi. Ukasema ubaya wake haioni vizuri picha iliyojikunja, na mikanda ya zamani, zile negativu, haiwezi kabisa. Sawa, lakini ni watu wangapi hapo Arusha wametunza mikanda? Hapa kwetu mikanda ilichezewa na watoto. Wewe uliitazamia jua lilipopatwa. Kwa kitu kinachobebeka mgongoni ungeweza kupanda nayo mpaka Kibosho, mpaka Marangu, desemba watu wakiwa wamerudi nyumbani na masanduku yamefunguliwa, ukaskani mezani kwao, wenyewe wakiona, ukashuka jioni hudaiwi na mtu. Hiyo ingekuwa... Hapana. Sisemi. Kikoba ni chako, riba utalipa wewe, na mimi nilishakushauri kununua ile pikipiki.

Ila hiyo kubwa inayokaa mezani sijui itakaaje na mimi.

Jambo la mwisho. Nimeishusha picha ya bibi yako leo, nimeifuta vumbi. Imegandana na kioo upande wa juu, hasa masika hii iliyopita. Nilitaka kuikabidhi kwa kondakta wa Coaster akuletee, kilomita themanini tu, angefika nayo kabla ya saa sita. Nikaifunga na kanga. Nikaifungua. Njoo wewe.

Njoo Jumamosi, kweli nitakuwepo. Njoo na simu, na hiyo nyembamba kama utakuwa umeshaikopa, sijasema ukope. Usianze na uso, uso tunao. Anza na ule mkono wa shati, kwa nukta nyingi kadiri unavyoweza. Bibi yako alishona tundu la kifungo kile kwa mkono, alikuwa na namna yake ya kurudia uzi mara mbili pembeni, na sijawahi kuiona kwa fundi mwingine. Nataka kuhesabu mishono.

Mama yako
Moshi