Kabla ya kufunga programu, safisha daftari la wanachama

Wiki iliyopita niliandikiwa na mkutubi wa chuo kimoja cha upande wa Mbale, akiniuliza afunge programu gani huria kwenye seva yake ili wanafunzi wasome majarida ya kielektroniki wakiwa nyumbani. Nilitaka kumtajia jina la programu niishie hapo, kisha nikakumbuka kwamba jibu la aina hiyo ndilo lililoniponza mimi, mkutubi mwenzake, mwaka 2020.

Mwezi Machi mwaka huo vyuo vyote vya Uganda vilifungwa kwa sababu ya korona. Wachapishaji walikuwa wakitutambua kwa anwani za IP za chuo, yaani aliyeketi ndani ya uzio alisoma, na aliyetoka nje ya lango aliombwa alipe. Wanafunzi walipotawanyika hadi Arua, Moroto na Kabale, tukabaki na hazina tuliyokwisha kuilipia wasiyoweza kuifungua. EZproxy, ambayo maktaba nyingi duniani huitumia kwa kazi hii, hulipiwa kila mwaka, na bajeti yetu haikuwa na nafasi hiyo.

Kwa hiyo nikafunga Squid, proksi isiyolipiwa, yaani seva ya kati inayomfungulia msomaji kurasa kwa anwani ya chuo, na kuiandikia programu ndogo ambayo hupokea jina na neno la siri, huuliza kwenye hifadhidata ya Koha, programu ya maktaba inayotunza daftari letu la wanachama, kisha hujibu OK au ERR. Usiku ule makala ya kwanza ilipofunguka kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, niliamini kwamba kazi imekwisha. Sikuwa nimewafikiria wanafunzi wenyewe. Simu ya Android hupokea mpangilio wa proksi wa namna ile ikiwa kwenye Wi-Fi, lakini wanafunzi wetu wengi hutumia bando la simu, na huko mpangilio ule haukuwafaa. Katika kikao cha uongozi, mkubwa mmoja alisema kwamba wakutubi wangebaki na vitabu vyao. Maneno hayo bado yananiuma, kwa sababu hakuna hata mmoja kikaoni aliyeuliza tumejaribu nini.

Kilichotufaa baadaye ni SimpleSAMLphp, programu huria inayomthibitisha msomaji kwa mchapishaji kwa utaratibu uitwao SAML, pamoja na kujiunga na shirikisho la utambulisho, yaani umoja wa taasisi zinazokubali uthibitisho wa wenzao, linaloendeshwa na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda. Kwa utaratibu huu mchapishaji humrudisha msomaji kwenye ukurasa wa chuo chake, neno la siri hubaki kwetu, na mchapishaji huambiwa tu kwamba huyu ni mwanachama halali. Kila kitu hufanyika ndani ya kivinjari, kwa hiyo simu yoyote inaingia. Ufungaji wenyewe sitausimulia. Maelekezo yapo, na mtu mvumilivu anayeijua Linux kiasi atafika.

Nitasimulia Jumatatu moja ambapo kila msomaji alikataliwa, hata mimi. Umeme ulikuwa umekatika mwishoni mwa wiki, na ile betri ndogo ya duara kwenye ubao wa seva ilikuwa imekufa, hivyo mashine ilipowaka saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Ujumbe wa SAML tunaomtumia mchapishaji huwa halali kwa dakika chache tu, na wachapishaji wakaona barua zetu zimeandikwa zama zilizopita. Nilinunua betri mjini, nikawasha huduma ya kusawazisha saa kupitia intaneti, na mchana watu wakaingia. Wewe washa huduma hiyo siku ya kwanza.

Hata hivyo, pigo kubwa halikutoka kwenye mashine. Akaunti moja ilipakua makala usiku kucha, na asubuhi mchapishaji akakifungia chuo kizima. Tulipochunguza, mwenye akaunti alikuwa amehitimu zamani, na katika Koha tarehe yake ya mwisho ya uanachama ilikuwa imepita, lakini mimi sikuwa nimeuwekea mfumo sharti la kuitazama tarehe hiyo. Hapo ndipo tulipolifungua daftari la wanachama kwa macho makavu: mwanafunzi mmoja ana rekodi tatu, namba za usajili zina nafasi katikati, wahadhiri walioondoka bado wamo. Mimi na wasaidizi wawili tulilisafisha kwa miezi minne, tukilinganisha jina kwa jina na orodha ya msajili wa chuo.

Wakutubi wenzangu, tuache kuamini kwamba programu ikiwa huria basi na kazi yake ni bure. Hakuna fundi wa kuletwa kutoka Kampala atakayewajua wasomaji wako kuliko wewe, na kazi hiyo usimwachie mtu wa kompyuta peke yake. Lisafishe daftari, uombe msajili akupe orodha mpya kila muhula, na uhakikishe kwamba mfumo unamkataa kila aliyepitwa na tarehe.

Nawe ndugu yangu wa Mbale, usinitumie kwanza ukubwa wa seva yako. Nitumie hesabu ya wanachama ambao muda wao umekwisha na bado wanaweza kuingia, kisha tutenge Jumamosi moja tuifunge SimpleSAMLphp pamoja.